Zamoyoni na Pasi ya Waya

Huko Tinde, kabla hajalijua ziwa, Zamoyoni alikuwa dobi wa pasi ya mkaa, na watu walimtambua kwa mashavu yake. Alijaza maji kinywani, akafutuka kama chura wa masika, kisha akayapuliza juu ya kanzu: fuuu! Maji yakatua laini kama umande. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, Mzaramo aliyepanda bara na mizigo ya watu akasahau kurudi kwao. Miaka ishirini na mitano Zamoyoni alipuliza, na kanzu ya Idi haikutoka mikononi mwake ina kunyanzi.

Mwaka wa 1937, dhahabu ilipovuta watu wa kila namna upande wa Geita, naye akavutika. Si kuchimba, maana mgongo ulishakataa, bali kufua na kupiga pasi katika mashua ya chuma iliyochukua wageni wa mgodi. Mashua hiyo ikifunga gatini, injini yake huzimwa, ikaletewa umeme kwa waya mnene kutoka banda la mitambo nchi kavu. Taa zikawaka, feni ikazunguka, na pasi mpya isiyojua mkaa wala majivu ikapata moto.

Siku ya kwanza Zamoyoni aliikamata kwa furaha. Kwa adabu alivua viatu mlangoni, akasimama peku juu ya sakafu ya chuma iliyooshwa punde tu. Akajaza maji mdomoni. Fuuu! Mengine yakatiririka mkononi.

Lo! Alijikuta ameketi pembeni, mkono umekufa ganzi, macho yamemtoka.

"Marahaba!" akasema, maana alidhani ameamkiwa na kitu kikubwa.

Fundi Bujiku, Msukuma aliyetunza mitambo ya gati, alikuwa hatua mbili tu. Akaruka akachomoa waya, akamtazama mwenzake kama anapumua, akaona anapumua, ndipo akacheka mpaka akashika ukuta. "Mzaramo kaitikia salamu ya pasi! Leo ningekula ubwabwa wa matanga!"

Nahodha Marselino hakucheka. Kitambaa cha meza alichokuwa akikipiga pasi kilikuwa kimeungua doa jeusi, lakini si hicho kilichomkera. "Mzee Zamoyoni, mimi sitaki kuzika mtu kwa ajili ya mashuka. Jumamosi napakia wageni. Mwanza yuko dobi aliyezoea umeme, nitamleta."

"Nahodha, nipe mpaka hiyo Jumamosi."

"Ukitupwa tena, au ukimtupa mtu mwingine, unashuka."

Zamoyoni akarudi nyumbani kichwa chini. Kushuka maana yake kurudi Tinde, na Tinde baraza lake lilishakamatwa na dobi mwingine. Na huku ziwani mkewe Tabu alikwisha panda mihogo nyuma ya nyumba. Atamwambia nini?

Asubuhi akamfuata Bujiku gatini. "Mtani, nifundishe. Unaweza kunicheka huku unanifundisha."

"Hilo la kucheka hukuhitaji kuliomba," Bujiku akasema. Akaifungua plagi ya pasi. Ndani mlikuwa na nyaya tatu, na mmoja ulikuwa umekatika. "Unauona? Huu ndio unaopeleka ardhini umeme uliopotea njia. Ukikatika, umeme unapita kwako." Akaufunga upya. Kisha akamwonyesha ule waya mnene wa gati, ulivyopaswa kuning'inia na ulegevu wa kutosha mashua ikichezacheza, lakini usiguse maji. Zamoyoni akauliza kama angeweza kuanika shuka juu yake.

"Yaya!" Bujiku akapiga kelele kwa Kisukuma chake. "Hapana kabisa! Wewe mtu, umeona kamba ya nguo hapo?"

Ubao mkavu wa kusimamia wakaupata. Viatu vya mpira wa gari Zamoyoni alikuwa navyo. Kilichobaki ni kuikubalisha nafsi yake kwamba kuingia na viatu si utovu wa adabu. Lakini neno gumu lilikuwa kinywa. Nguo zingelowanishwa nchi kavu, zikunjwe, ziletwe zikiwa na unyevu tu. Hilo alilielewa. Ila kila alipoona nguo mbele yake, mashavu yalijaa yenyewe!

Jioni akamwambia Tabu yote, hata habari ya kushuka.

"Kwani Baba Mwanaidi, kinywa chako kikiimba kinaweza kubeba maji?" Tabu akamjibu huku anamenya muhogo. "Imba. Mimi mihogo yangu siiachi."

Jumamosi asubuhi Zamoyoni alisimama juu ya ubao, viatu miguuni, mikono mikavu, akiimba kasida. Sauti hakujaliwa. Mabaharia waliziba masikio, na Bujiku akauliza kutoka gatini ni mbuzi gani anayechinjwa. Yeye akaimba tu, na shuka zikalala moja baada ya moja, nyeupe, zimenyooka.

Akiwa kwenye shuka ya sita, Nahodha Marselino akatokea mlangoni. Alikuwa ametoka kuosha sitaha mwenyewe, suruali imekunjwa magotini, miguu peku, mikono inachuruzika.

"Kumbe imekubali," akasema, akanyoosha kidole aiguse pasi aone ilivyo moto.

"Simama hapo hapo!"

Kasida ilikatika. Hakuna aliyewahi kumsikia Zamoyoni akipaza sauti hivyo. Akachomoa plagi kwanza, akaiweka pasi mbali, ndipo akageuka.

"Nahodha, samahani. Ukiwa umelowa hivyo, humu huingii. Nenda kajifute, uvae viatu. Sitaki kuzika mtu kwa ajili ya mashuka."

Nahodha akaitazama mikono yake, akatazama maji yaliyotandaa chini ya nyayo zake. Pole pole akarudi nyuma hatua moja, akatoka nje ya kizingiti.

"Mzee Zamoyoni."

"Naam, Nahodha."

"Yule wa Mwanza simwiti tena." Akajikuna shavu. "Lakini huo wimbo, ni lazima?"

"Ni lazima."

"Basi funga mlango."

Zamoyoni akaufunga, akahakikisha mikono ni mikavu, akachomeka waya, akaanza kasida upya kutoka mwanzo.