Sindano ya Hija

Waridi alikuwa fundi cherehani sokoni Jabe, mjane, na mtoto wake alikuwa mmoja tu, Faruk. Alitamani kwenda Makka tangu ujana. Mwaka alioipata safari, mahujaji wasiochanjwa korona walikuwa hawapokelewi, basi akachanjwa bila kusita. Akahiji, akarudi na dumu dogo la maji ya Zamzam kwa ajili ya mjukuu wake Soumaya, aliyezaliwa yeye akiwa bado huko.

Faruk hakuja kumpokea. Gerejini alikofanya kazi alikuwa amezoea kuangalia video za mtu aliyefundisha kwamba jina la Mwenyezi Mungu limeandikwa ndani ya ADN, ule urithi ambao kila mtu anaubeba mwilini kutoka kwa wazazi wake. Wataalamu wanalijua jina hilo na wanalificha, alisema mtu huyo, na chanjo ilitengenezwa ili kulifuta. Aliyefutwa hubaki ganda la mtu, tena humwambukiza anayemgusa.

Waridi alipofika, Faruk alimsimamisha mlangoni.

"Mama, usiingie. Mutoto bado muchanga."

"Mi sina ugonjwa, mwanangu."

"Si ugonjwa. Jina halipo tena ndani yako."

Waridi alidhani anatania, mpaka alipoona machozi. Faruk alikuwa akilia kama alivyolia siku ya kumzika baba yake. "Laiti ningejua mapema," alisema, "nisingekuacha uende."

"Nimetoka nyumba ya Mungu. Nimemwita kwa jina lake, nimemuombea mutoto wako. Sasa huyo Mungu hanijui?"

"Apana, mama. Hakuoni."

Sheikh Massoudi wa msikiti wao alikwenda kuzungumza na Faruk. Alimweleza kwamba hakuna maandishi kama hayo, na kwamba sindano haifiki kwenye imani ya mtu. Faruk akamuuliza kama naye alichanjwa. Sheikh aliposema ndiyo, Faruk alimshukuru kwa adabu, akamsindikiza hadi barabarani.

Waridi alijaribu kumchukia mwanawe, akashindwa. Mchele na mkaa wa Faruk viliendelea kumfikia, vikaachwa kizingitini. Na Raihana, mke wa Faruk, alipopita sokoni kwa siri, alimwambia: "Anakuombea kila swala, mama. Kama anavyomuombea marehemu baba."

Waridi aliinamia cherehani yake, akaendelea kushona.

Idi iliyopita, watu walipokuwa wakitawanyika baada ya swala, Soumaya, ambaye sasa anajua kukimbia, alimponyoka mama yake. Alivutiwa na mtandio wa manjano wa mwanamke asiyemjua, akamkimbilia, akajikwaa na kuanguka miguuni pake. Waridi aliinama, mikono tayari. Kisha akainua macho akamwona Faruk kati ya watu, amesimama kwa hofu kama anayemwona mwanawe ukingoni mwa kisima.

Waridi akairudisha mikono kifuani.

Mtoto alilia, akanyoosha mikono juu ili anyanyuliwe.

"Raihana," Waridi aliita kwa sauti ya kawaida, "njoo umuchukue mutoto wako."

Raihana alipofika, mtoto alikuwa amekwisha kushika pindo la gauni la bibi yake, na ilibidi vidole vibanduliwe kimojakimoja.