Kipanya kwa Mkono wa Kushoto

Wiki ile nzima sikulala vizuri kwa sababu ya swali ambalo sikuweza kumweleza mtu bila kuchekwa: niendeshe kwa usukani au kwa kipanya? Nilikuwa na digrii ya hesabu, nimekaa nyumbani Kitale tangu mahafali. Wenzangu waliwaza ajira na ndoa, na mimi nililala chali nikiwaza gari ambalo halikuwepo, katika barabara ambayo haikuwepo, ndani ya kompyuta ya mtu mwingine. Wacheke wanaotaka. Swali lilikuwa la kweli, na lilibeba kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa Bungoma. Mfanyabiashara mmoja wa vipuri vya magari, mwenye duka si mbali na msikiti wa mjini, alikuwa amefungua chumba cha michezo ya kompyuta ubavuni mwa duka lake. Alitaka mtu wa kukisimamia: kuwasha mashine, kuwaelekeza wageni, kurekebisha kinachokwama. Mchezo alioupenda ulikuwa mmoja tu, wa mbio za magari. Haukuwa ule wa watoto, ambapo gari likigonga ukuta linaruka na kuendelea. Huu ulijitahidi kufuata gari la kweli. Tairi zilipata moto, breki zilikaba, na ukikata kona kwa pupa gari liliteleza mpaka kwenye nyasi. Nduguye wa ng'ambo alikuwa amemletea usukani wa kuchomeka kwenye kompyuta, pamoja na pedali zake. Aliuweka katikati ya chumba kama kiti cha chifu.

Siku niliyokwenda kuulizia kazi nilimwambia ukweli, kwamba mchezo ule naujua tangu chuoni, ila huwa naucheza kwa kipanya.

"Kipanya?" Alinitazama kama niliyesema natia petroli kwa kijiko. "Dada, hii ni gari, si karata. Kipanya ni ya kucheza karata."

Vijana waliokaa kwenye benchi walicheka. Nilijua wangecheka. Nilikuwa nimelijua hilo tangu nilipopita Kamukuywa njiani.

"Lakini naendesha vizuri, bosi."

"Sawa. Kuja Jumamosi. Kuna mwingine anataka hii kazi, kijana wa teksi wa pale Kanduyi. Mtaendesha nikiona. Lakini ni usukani, umesikia? Mteja akiingia hapa, aone mtu ameshika usukani."

Jambo la pili sikumwambia. Mimi ni mtu wa mkono wa kushoto.

Kwa usukani hakuna anayegundua, maana unashikwa kwa mikono miwili. Kipanya ndicho kinachonitoa hadharani. Kila mahali wamekiweka upande wa kulia, na waya wake umepimwa kwa ajili ya upande huo. Lazima nikivute mpaka kushoto, nikipitishe nyuma ya kibao cha herufi, halafu niingie kwenye mipangilio na kubadilisha vitufe, cha kulia kifanye kazi ya cha kushoto. Kwenye saiba ya Kitale, duka la kompyuta za kukodi, nilikokuwa nikifanyia mazoezi nilisahau mara kwa mara kuvirudisha. Nikishatoka tu nasikia mteja nyuma yangu, "Nani ameharibu hii kipanya?" na mwenye saiba akijibu bila hata kuinua kichwa, "Ni yule msomi wa mashoto."

Nyumbani kwetu nilifunzwa mapema. Usimpe mgeni kikombe kwa kushoto. Usimsalimie mtu kwa kushoto, atadhani umemdharau. Shule ya msingi, mwalimu wa Kiswahili alitueleza kuwa mkono wa kulia umeitwa hivyo kwa sababu ndio wa kulia chakula. Nilipata amani kidogo siku hiyo. Kula kwa kulia niliweza. Hayo mengine yote, kuandika, kukata kuni, kuchora mstari ulionyooka, niliachia kushoto, na nikaishi nikitazama pembeni kuona nani ananitazama.

Kwa hiyo mnaelewa kwa nini sikulala. Usukani ulikuwa unaniita kama mahali pa kujificha. Ningeushika, ningefanana na kila mtu, ningepata kazi. Shida ni kwamba kwa usukani nilikuwa dereva mbaya. Siku ile Bungoma niliujaribu kidogo. Katikati yake palikuwa na ulegevu. Unageuza kidogo, hakuna kinachotokea. Unaongeza kidogo, gari linaruka kama lililoumwa na siafu. Kipanya hakina ulegevu huo, ila nacho kina ukali wake, kwa sababu hakijirudishi katikati. Usukani ukiuachilia, springi inaurudisha. Kipanya ukikisahau upande mmoja, gari linaendelea kupinda mpaka ukutani. Ni lazima wewe mwenyewe ukumbuke ulikotoka. Nilikuwa nimejifunza kukumbuka. Mkono wangu wa kushoto ulijua katikati ya meza ilipo hata nikiwa nimefumba macho.

Nilimuuliza baba. Sijui kwa nini nilimuuliza baba, aliyeendesha lori la mahindi maisha yake yote mpaka mgongo ukakataa.

"Mama," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita, kwa kuwa nimepewa jina la mama yake, "gari haisukumwi juu ya meza kama kikombe."

Aliingia jikoni, akarudi na kifuniko cha sufuria, akanikalisha kwenye kigoda na kunikabidhi kifuniko kile kama mtoto wa chekechea. Yeye alisimama mbele yangu akiwa ndiye barabara.

"Kona inakuja. Kushoto. Taratibu! Usikabe. Usukani si shingo ya kuku."

"Baba, ule wa Bungoma umelegea katikati."

"Wa lori yangu ulilegea mpaka unaingiza kidole. Nilipanda nayo Kapsokwony wakati wa mvua, nikashuka na viazi, na hakuna gunia lilianguka."

"Uliizoea."

"Basi na wewe si uzoee!"

"Kipanya nimeshakizoea."

Kisha akauliza, na sauti yake ilikuwa ya kutaka kujua kweli, "Sasa hapo kwa kompyuta, gari ikianza kuteleza, unaisikia wapi?"

"Siisikii. Naiona tu."

"Hata kwa huo usukani yao?"

"Hata kwa huo."

"Mimi nilikuwa naisikia kwa matako," akasema. Mama alitokea mlangoni kudai kifuniko chake, maji ya ugali yalikuwa yanachemka, na somo likaishia hapo.

Maneno ya baba yaliniganda kichwani, nikayageuza kila upande, kama kawaida yangu. Baba aliushika usukani kwa sababu ulikuwa umefungwa kwenye magurudumu, na magurudumu yalikuwa juu ya tope la kweli, na tope lile lilipanda mpaka kwenye kiti chake. Usukani wa Bungoma ulifungwa kwenye nini? Kwenye waya. Kama kipanya. Vyote viwili vilikuwa maigizo, ila kimoja kilivaa nguo za usukani na watu wakakiheshimu. Niliona hivyo wazi kabisa mchana, nikaamua kipanya. Jioni nikaona kwamba aliye na kazi ya kutoa ni yule mwenye duka, si ukweli, nikaamua usukani. Asubuhi yake nikaamua kuugua.

Jumamosi nilifika Bungoma nikiwa nimeamua usukani. Niliweka hata mikono kwenye magoti njia nzima, mkono huu huku na mwingine kule, nikifanya mazoezi.

Chumba kilikuwa kimejaa. Yule kijana wa teksi alikuwepo, amechomekea shati, funguo za gari zikining'inia kidoleni ili zionekane.

"Niaje, msomi," akanisalimia. "Leo tunaona digrii ikipinda kona."

"Na leseni yako pia tutaiona," nikamjibu. Watu wakamcheka yeye kidogo, jambo ambalo sikulitarajia.

Aliendesha kwanza. Alikuwa mzuri, sitamnyima haki yake. Aligonga ukuta mara moja tu, akautukana kana kwamba umemkatia barabara, akamaliza. Muda wake ukabaki juu ya kioo cha kompyuta kwa tarakimu za kijani, watu wote wauone. Mwenye duka alimpiga mgongoni.

"Dada. Zamu yako."

Niliketi. Nilishika usukani. Plastiki ilikuwa bado na jasho la kijana yule. Miguu yangu ikatafuta pedali, ambazo zilikuwa zimeteleza mbali kwenye saruji. Nikajiona nilivyo: mtu aliyejifunza kuendesha kwa kifuniko cha sufuria, ameshika kitu asichokijua, ili watu asiowajua wasiuone mkono wake. Na nikifaulu, nitaketi hivi kila siku, kesho na mwezi ujao, nikiigiza kwa kitu ambacho nacho ni maigizo. Hofu ilikuwepo. Siwezi kusema iliondoka, maana haijawahi kuniondoka. Lakini chini yake nilikuta hasira, safi kabisa, na niliipenda.

Nikalegeza skrubu zilizobana usukani mezani. Nikauinua na kuuweka sakafuni.

"We, unafanya nini?" mwenye duka akauliza.

"Natafuta nafasi, bosi."

Nikakichukua kipanya, nikakigeuza, nikafungua kifuniko cha chini, nikatoa kipira kinachoviringika ndani yake na kukwangua uchafu wa ndani kwa ukucha. Sikuharakisha. Nikakirudisha, nikavuta waya nyuma ya kibao, nikakiweka kushoto kwangu. Nikaingia kwenye mipangilio na kubadilisha vitufe.

"Ati na mkono ya kushoto!" mtu akasema nyuma. "Huyu leo ametuletea maajabu."

"Dada, nilikuambia usukani," mwenye duka akasema. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anaona aibu kwa niaba yangu, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Hata kama ni kipanya, basi si ushike na mkono wa kulia kama watu."

"Mkono wa kulia ni wa kulia ugali, bosi. Mimi sikuja kula."

Chumba kililipuka. Kijana wa teksi ndiye aliyecheka zaidi, akapiga benchi kwa kofi. Mwenye duka hakucheka.

"Ukiendesha na hiyo, kazi usahau."

Sauti yake ilikuwa ya upole, na kwa upole huo alinipa nafasi ya kuinama, kuokota usukani na kurudi kuwa mtu wa kawaida. Niliifikiria nafasi hiyo.

"Nimesikia," nikasema.

Nikabonyeza kitufe cha kuanza. Injini ikanguruma kwenye spika, taa nyekundu kwenye kioo zikazimika moja baada ya nyingine, na gari likaondoka. Kona ya kwanza ilipofika nilipunguza mwendo kidogo kwa kitufe, nikausogeza mkono wangu wa kushoto upana wa punje ya mahindi, na gari likaingia konani bila kuteleza.