Nilikarabati boti ya tanga Matema, nikasahau kuwa baba na mke wangu hawaonani

Salaam wakuu. Hii si chai, ni kitu kilichonitokea mwenyewe.

Mimi ni mkulima wa mpunga na kokoa, Bujonde. Maji nayajua ya jaruba tu. Mtu wa ziwa ni mke wangu, binti wa wavuvi Wakisi, tanga amelishika kabla ya daftari.

Tulinunua boti ya mbao iliyolala mchangani Matema miaka mingi, tanga limeliwa na panya. Plan ilikuwa kutembea ziwani taratibu, kijiji kwa kijiji.

Baba aliposikia akaomba jambo moja. Dada yake wa pekee yuko Ikombe, kusikofika gari, na hajiwezi tena. Baba naye mgongo mbovu, hawezi kujikunja kwenye mtumbwi. Alitaka amwone kabla mmoja wao hajaondoka. Hapo kazi ikawa na haraka.

Tuling'oa mbao tatu zilizooza, tukaweka za mninga. Fundi akashindilia pamba kwenye nyufa, juu akapaka lami. Nilipomsaidia alinikataza kuzijaza sana, maana mbao kavu ikionja maji inavimba, na nyufa ukiwa umezijaza mno inang'oa misumari. Tanga jipya mke wangu alishona mwenyewe.

Mimi nikajenga kibanda chenye kitanda cha baba. Mlango nikauelekeza nyuma kwenye usukani, apate hewa na amwone anayeendesha. Nikajipongeza kabisa.

Mke wangu alipokuja kukagua akasimama kwenye usukani, akautazama mlango, akanitazama mimi.

"Baba atalala akiniangalia usoni," alisema. "Ulifikiria?"

Wakuu, sikufikiria.

Kwa wasiojua, kwetu Wanyakyusa mke hakutani na baba mkwe. Hamtazami, hamsemeshi, wakikaribia kupishana njiani anajibanza pembeni. Wengi siku hizi wameacha, ila baba ni mtu wa zamani. Miaka tisa ya ndoa yetu hawajawahi kusemezana. Nyumbani uwanja ni mpana, nimezoea wanavyokwepana mpaka sioni tena. Na boti bila mke wangu haiendi popote.

Nikapigilia mbao mlango ule, nikatoboa mwingine upande wa mbele. Fundi alicheka mpaka akakaa chini.

Siku ya safari baba alipanda kwanza, kwa mbele. Mke wangu akafuata kwa nyuma. Maneno yote yalipitia kwangu.

Katikati ya njia upepo ukashuka milimani bila hodi. Kamba ikakwama, nikainama kuifungua. Baba alikuwa ametoka kunyoosha mgongo, amesimama kando ya kibanda, uso kaelekeza mbele. Ule mti mzito wa chini ya tanga ukaanza kugeuka kumfuata, usawa wa kichwa. Mimi sikuona. Mke wangu aliona.

"Baba, kaa chini!"

Akakaa. Mti ukapita juu ya kofia yake.

Niliogopa sana, kwanza kwa ajili ya kichwa chake, halafu kwa ajili ya lile neno. Kwa wazee wa aina yake hilo ni kosa zito. Mke wangu usukani hakuuachia.

Tukaendelea mpaka paa za Ikombe zikaonekana. Hapo baba akasema, bila kugeuka na bila kunipitishia mimi:

"Ndaga, mwanangu. Nifikishe kwa dada yangu."

Ndaga ni asante. Mke wangu akajibu, "Ndiyo, baba," akalia waziwazi. Na mimi nililia, sioni aibu kusema.

Shangazi tulimkuta hai. Walishikana mikono muda mrefu. Baadaye shangazi akauliza ni nani aliyemleta kaka yake.

"Mwanangu yule pale," baba akasema, na kidole chake hakikunielekea mimi.

Funzo langu ni dogo: kabla hujapiga msumari wa kwanza, waulize watakaopanda nani anakaa wapi na nani. Wenye boti na wenye wakwe, nikosoeni hapa chini. Ila mke wangu anasoma humu, adabu izingatiwe.