Mguu Mmoja Kwenye Majani

Nilikuwa nikishuka mbio kwenye mvua, kwa shamba letu la chai huku Kimulot, nikakanyaga ukingo wa mtaro na kifundo cha mguu wa kushoto kikageuka kabisa. Kitu kililia ndani, ta! Nikakaa chini nikalia. Mchujo wa timu ya kaunti ya mbio za nyika ulikuwa umebakiza miezi michache, na niliutaka kuliko kitu chochote tangu nimalize shule.

Mama na shangazi hawakuniuliza. Kwetu mguu ukiteguka unakandwa, basi. Wakaleta maji moto, wakanishika, wakavuta na kusugua hadi nikapiga nduru. Asubuhi kiatu kilikataa kuingia.

Huko hospitali ya Longisa, picha ya eksirei ilionyesha mfupa mzima.

"Si basi niko sawa!" nikasema, nikitafuta kiatu.

Daktari akacheka. Akabonyeza chini ya fundo la nje, akavuta kisigino mbele taratibu, nikaona nyota.

"Mfupa ni mzima, lakini kano zinazoushikilia zimechanika. Na ni nani alikanda hii na maji moto, akaongeza uvimbe?"

Mama akaangalia dirisha.

Dawa ilikuwa kupumzisha mguu mpaka uvimbe uishe, halafu kusimama kwa mguu huo mmoja kila siku, hadi uache kutetemeka. Jameni! Nani husimama bure kwetu, majani ya chai yakiwa mengi? Uvimbe ulipoisha nikasimama nikichuma: kikapu mgongoni, mguu wa kulia juu, mikono kazini.

"Wee, umekuwa kuku wa mvua?" majirani wakanicheka.

Nilianguka juu ya michai mara nyingi, na kila mara niliwajibu vibaya. Lakini mguu ulitulia. Nikaanza kutembea haraka, kisha mbio za pole, kisha kocha wangu akakubali nijaribu mchujo.

Timu ilihitaji sita. Siku ya mchujo, karibu na mwisho nilikuwa wa tisa, na mbele kulikuwa na mteremko wa matope matupu. Wenzangu wakapunguza, wakichagua pa kukanyaga. Mimi nikaachilia! Mguu wa kushoto ukatua, ukayumba, ukashika. Ukashika tena! Nikapita mmoja, wawili, watatu, nikipiga kelele kama mwendawazimu. Wa sita!

Kesho yake niliingia kwenye majani nimevaa jezi ya kaunti. Mama akasema itachafuka. Nikamwambia ichafuke, siivui.