Meneja aliniambia nifute maandishi ya hatari kwa godauni ya betri Kitengela. Nilikataa

Sopa wakuu. Hiyo ni salamu ya Kimaasai. Kama hujui kuitikia "ipa", itikia tu "poa", sitakasirika.

Hii stori nimekaa nayo miezi kadhaa. Leo naitoa yote vile ilivyokuwa, chumvi sitaongeza. Jina la kampuni sitaji, la meneja pia, kwa hivyo msinisumbue inbox. Majina ya wenzangu nimebadilisha. Hayo mengine ni kweli tupu, na hata nikiitwa kortini nitayasema hivi hivi.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Kimuka, lakini Kitengela nimeishi miaka mingi. Nilipata kazi kwa godauni moja ya betri za pikipiki za umeme. Zile boda hazina kelele, unashtukia tu iko kwa kisigino.

Hapo tulikuwa tunachaji betri, tunapima, tunatengeneza. Zile zimekufa kabisa zinafunguliwa. Nilianza kama cleaner, baadaye nikawekwa stoo, kupokea betri zikiingia na kuzipanga.

Sasa kuna mtu atasema betri ni betri. Hapana. Hii si ya rimoti. Hii inabeba dereva, abiria na gunia la viazi, na inapanda mlima. Huo umeme wote umekaa ndani kimya. Ikianguka vibaya ama ikiingia maji, inaweza kuvimba kama mandazi. Ikishavimba, hujui itaamka saa ngapi.

Tulipoanza tuliletewa mtu wa training siku mbili. Akaweka mabango ya manjano kila mahali. Ya radi, maana yake umeme mkali. Ya moto uliokatwa na mstari, maana yake hakuna sigara, hakuna jiko. Ya fuvu, maana yake moshi wake ni sumu. Betri zilizovimba zikawekewa kontena yao huko nje, mbali na watu, na bango kubwa mlangoni.

Kuna kitu alisema nikakishika vile nimeshika Baba Yetu:

"Betri ikianza kupiga mluzi na kutoa moshi, usiokoe kitu. Toka. Okoa mapafu yako."

Mabango yalikuwa ya Kizungu, lakini picha zilisaidia. Tukaishi hivyo vizuri tu.

Halafu tukaletewa meneja mpya.

Huyu jamaa alikuwa smart. Viatu vinang'aa hata na hii vumbi ya Kitengela, na mnaijua. Wiki ya kwanza akatembea kila kona akiangalia kuta. Kisha akaita wawili wetu na screwdriver.

"Toeni hizi vitu. Mafuvu kila mahali, mtu akiingia anadhani ni mochari. Wageni wakubwa wanakuja, wanataka kuona kampuni ya kisasa."

Mabango yote yakatolewa. Kontena nayo ikaondolewa ndio wageni wapate parking. Betri zilizovimba zikahamishiwa chumba cha nyuma, ndani ya godauni. Ukuta mmoja tu katikati yao na meza ya Mwende.

Mwende ndiye alikuwa fundi wetu wa kupima. Mkamba wa Machakos, mtaratibu, mikono yake ikishika betri ni kama imeshika mayai. Alimwambia meneja hiyo chumba haifai. Akajibiwa ni ya muda tu.

Wageni walikuja, wakapiga picha, wakaenda. Mabango hayakurudi. Kontena haikurudi. Wakuu, mnajua "ya muda tu" ya Kenya.

Asubuhi moja ya Julai, ile baridi inakata masikio, nikazunguka nyuma kumwaga maji. Nikampata Lemaiyan, askari wetu wa mchana, amechuchumaa chini ya dirisha la hiyo chumba. Amewasha jiko la makaa. Anachemsha chai.

Lemaiyan alikuwa mgeni, ameandikwa baada ya mabango kutolewa. Mtu wa ng'ombe, ukame ukamaliza zake, akaja mjini kutafuta kazi. Darasani hakuwahi kukaa hata siku moja.

Nikamuuliza, "Lemaiyan, unajua ni nini iko nyuma ya huo ukuta?"

"Masanduku."

"Nani alikwambia ni masanduku?"

Akaniangalia, akaniita mama kwa Kimaa. "Yeyo, hakuna mtu ameniambia kitu."

Na hapo ndipo nilipandwa na hasira, lakini si yeye aliyenikasirisha. Yeye alikuwa na haki. Alijikinga upepo kama mtu yeyote mwenye akili, na ukuta haukumwambia kitu.

Tukabeba jiko pamoja, tukalipeleka mbali. Chai tulikunywa, isiharibike.

Jioni nikapitia hardware nikanunua rangi nyekundu na brashi. Kesho yake nikafika kazi mapema, nikaandika kwa huo ukuta, herufi kubwa kama mlango:

MOTO. MWAKI. ENKIMA.

Mswahili asome, Mkamba asome, Mmaasai asome. Kando yake nikachora moto na mstari juu yake. Huo moto wangu ulitoka kama kabichi, Mwende akacheka mpaka akashika ukuta. Chini yake nikaandika: IKILIA, TOKA.

Na kwa sababu Lemaiyan hasomi, nikamkalisha nikamweleza kila kitu kwa Kimaa. Akasikiza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hivyo ikilia, tunakimbia?"

"Tunakimbia."

"Hata meneja?"

"Hata meneja."

Saa tatu meneja akauona ukuta. Akauliza nani amechora huo uchafu. Nikasema ni mimi. Wakuu, sikungoja aulize mara ya pili.

Ukapakwa rangi nyeupe siku hiyo hiyo. Nami nikaitwa ofisini nikapewa barua ya onyo, eti nimeharibu mali ya kampuni.

"Sign hapa."

"Sitasaini."

"Wewe ni mtu wa stoo. Safety si kazi yako."

"Lakini mapafu ni yangu. Andika hapo nimekataa, na uandike ni kwa nini."

Hakuandika. Mimi nikaandika tena, lakini kwa ukuta, herufi kubwa kuliko za kwanza. Akapaka. Nikaandika mara ya tatu. Sasa akakataa kupaka, akasema nitafuta mwenyewe kwa mkono wangu, na akanipa mpaka Ijumaa. Ukuta uwe mweupe ama niende nyumbani.

Nikamwambia njia ya nyumbani naijua.

Wenzangu wengine walinikalisha chini. "Mama, una watoto, achana na hii mambo." Sikuwalaumu. Hata mimi usiku nilikuwa nawaza karo. Lakini kila nikikumbuka lile jiko chini ya dirisha, roho inakataa.

Siku yangu ya off nikapanda gari mpaka Kajiado, kwa ofisi inayohusika na usalama wa wafanyakazi. Nikaandika barua kwa mkono: mabango yametolewa, betri mbovu ziko ndani, naambiwa nifute onyo. Wakaipokea. Nikaomba copy yangu igongwe muhuri wa siku hiyo. Karani akasema haina haja, nikasema nitangoja. Nikakaa hapo kwa benchi mpaka akachoka na uso wangu, akagonga.

Ijumaa haikufika.

Ilikuwa Jumatano, kama saa nne asubuhi. Niko stoo, nikasikia mluzi. Mwembamba, kama sufuria ya presha ikianza. Nikadhani ni upepo kwa mabati.

Kisha Mwende akatoka kwa meza yake, macho yametoka. "Hiyo ni chumba ya nyuma."

Moshi mweupe ulikuwa unapita chini ya mlango. Una harufu tamu tamu, mbaya, siwezi kuisahau. Nikapiga nduru, "Inalia! Tokeni! Wacheni kila kitu!"

Watu wakakimbia. Tuko uwanjani tunahesabiana, nikasikia pop, pop, kama mtu anapasua magogo. Meneja akatoka ofisini kwake kule mbele. Kitu cha kwanza alisema ni hiki:

"Betri nzuri ziko mlangoni! Ingieni mzitoe! Haraka!"

Na mnajua bosi akipiga kelele miguu inasahau. Wanaume watatu walishaanza kurudi. Mwende naye alikuwa anarudi, laptop yake iko ndani.

Lemaiyan akasimama mlangoni. Akashika rungu kwa mikono miwili, akalilaza kama kizuizi cha barabara.

"Hapa hapiti mtu."

Meneja akamfikia. "Toka hapo! Mimi ndio nimekuandika kazi!"

"Umeniandika nilinde. Nalinda." Hata hakupaza sauti. "Na wewe rudi nyuma."

Meneja akamsukuma. Lemaiyan hakusonga. Mimi nikaenda nikasimama kando yake. Mwende akaja upande ule mwingine.

Tulikuwa bado tunasukumana hapo wakati chumba ya nyuma ilipasuka. Dirisha likaruka, moto ukachomoka mpaka kwa mabati. Ile meza ya Mwende hatukuiona tena.

Sasa hata meneja alikimbia.

Hakuna mtu alikufa. Lemaiyan alikohoa siku kadhaa, akatibiwa, akapona. Zima moto walikuja wakamwaga maji kwa masaa, wakaenda, na kesho yake asubuhi zikawaka tena zenyewe. Hizi vitu hazizimiki kama moto wa nyumba, wakuu.

Sasa sikizeni hii.

Siku ya tatu tukaambiwa wakaguzi wanakuja. Tulipofika tukapata mabango yote ya manjano yamerudi. Yamepigwa screw mpya, kwa kuta nyeusi za masizi. Na kwa meza kuna karatasi ya kila mtu kusaini: kwamba mabango yalikuwepo siku zote, na moto ulitokana na uzembe wa mtu wa stoo.

Mtu wa stoo ni mimi.

Walipewa kalamu mmoja mmoja. Wengine walisaini, wana familia, na hao pia sitawataja. Mwende akairudisha karatasi bila kuisoma mpaka mwisho. Lemaiyan akaletewa wino wa kidole gumba. Akauliza imeandikwa nini. Nikamsomea. Akafunga ngumi.

Mkaguzi alikuwa mama mmoja wa buti, hana maneno mengi. Akapitisha kidole kwa bango, kikatoka kisafi. Akakipitisha kwa ukuta, kikatoka cheusi. Akamwangalia meneja.

Mimi nikatoa ile copy yangu ya Kajiado, na muhuri wake.

Alisoma mara mbili. Kisha akaniuliza, "Kwa nini ulikataa kufuta?"

Nikasema, "Kwa sababu ilikuwa ukweli."

Godauni ilifungwa. Meneja akaenda na viatu vyake. Baadaye ilifunguliwa tena chini ya watu wengine, na naambiwa Mwende ndiye anasimamia usalama. Lemaiyan yuko getini.

Mimi sikuitwa. Nilipopiga simu nikaambiwa nafasi yangu imejaa. Nasikia kuna mtu alisema mimi ni "mtu wa shida". Sawa. Saa hii nauza nguo Kiserian siku za soko, na usingizi wangu ni mzito.

Nilichojifunza ni hiki. Bango halikuwekwa kupendeza mgeni. Limewekewa yule mtu mpya ambaye hakuna mtu amemwambia kitu. Anayelitoa anajua anachofanya. Na likiandikwa kwa lugha ambayo wafanyakazi hawasomi, hilo ni pambo tu.

Kazi mtu hupata nyingine. Nikiulizwa leo, hata kama najua nitafutwa, narudi hardware kununua rangi.

Haya, wakuu. Wale mko kwa godauni, workshop, hata kibanda cha kuchaji boda: kwa ukuta wenu kumeandikwa nini, na nani hawezi kukisoma? Semeni hapa. Na kama kuna meneja anasoma na anaona nilikosea, aje tu, niko.