Mawe Niliyoyapaka Mafuta

Baba yangu alikuwa na beberu aliyefifia kama gunia kuukuu. Asubuhi ya mnada alimpaka mafuta ya karanga mgongo mzima, akamsugua mpaka akang'aa, na kabla ya saa nne beberu kauzwa. Aliyemnunua alikuja mnada uliofuata akinung'unika mikono inanuka karanga, lakini hiyo habari iacheni. Nataka tu mjue nilikolelewa. Kwetu kitu hakitoki mbele ya mgeni kikavu: kibuyu, mpini wa jembe, miguu ya watoto siku ya sikukuu. Shule niliacha darasa la nne, ila kupaka mafuta nilihitimu.

Basi miaka hii ya karibuni akaja mwalimu wa chuo kikuu kutoka Dodoma mjini, mtu mzima mwenye mvi za kwanza ndevuni, nyundo kiunoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Dhahabu?"

"Hapana. Mawe."

Nikacheka mpaka kofia ikaanguka. Mawe! Kijijini kwetu hata ugali unayo.

Aliyataka ya kilima chetu, yale ya kijani yenye utelezi kama mgongo wa nyoka. Akanieleza kwamba yametoka chini kabisa, chini ya ganda la dunia. "Kule mwamba ukiyeyuka kidogo, ule uji unapanda juu, yanabaki makapi."

"Kama alizeti kwenye mashine," nikasema. "Mafuta yametoka, yamebaki mashudu."

Akanikodolea macho. "Mzee, hilo mimi nalifundisha muhula mzima!"

Hapo kichwa kikanivimba, sikatai.

Shida yake ilikuwa hii. Wenzake walishikilia kwamba kilima chetu kilipanda kutoka chini kikiwa uji wa moto, kikapoa papo hapo. Yeye alidhani ni mwamba uliokuwa chini ya sakafu ya bahari ya kale. Nchi kavu zikagongana, ukasukumwa juu. Bahari! Huku kwetu tunakogombania ndoo! Kuna chembe nyeusi ndani ya yale mawe, akasema, na mashine ikizipima itaonyesha mwamba ulikamuliwa kiasi gani na wapi.

"Nikipata mawe safi nitajua. Nikijua, nitarudi kukwambia."

Nami nilitaka kujua kama mgonjwa anavyotaka maji, maana nilishawatangazia wazee wenzangu kilabuni kwamba kuanzia sasa mimi ni mtu wa pwani.

Siku tatu akachagua mawe kumi na mawili, akayapanga barazani kwangu. Siku ya kuondoka akapanda kilima mara ya mwisho kabla gari halijapita alasiri. Nikayatazama. Vumbi tupu! Yaende mjini, mbele ya mashine, namna ile? Nikayaosha, nikaleta chupa ya alizeti, nikayapaka moja moja, hata kwenye nyufa nikamimina. Yakang'aa kuliko beberu wa baba.

Akarudi, akashika moja, likamponyoka.

"Mzee, hiki nini?"

"Alizeti. Ya kukamua, si ya dukani."

Akakaa chini. Midomo ikamtetemeka, nikajua nimemuua mtu. Kumbe kicheko kinatafuta mlango. "Dunia imekamua miaka yote hiyo, mzee, wewe umerudisha mafuta kwenye mashudu!"

"Mashine itasema bahari ilikuwa ya alizeti," nikasema, tukaangukiana mabegani.

Mke wangu akatoka jikoni. "Huyu hata mimi siku ya harusi nilimkimbia na chupa yake. Chukua langu, mwanangu."

Lake lilikuwa jiwe linalofunika pipa la maji, lililotoka kisimani tulipochimba chini ya kilima, nami nilikatazwa kuligusa. Mwalimu akaenda kukiona kisima ahakikishe ni mwamba uleule, akarudi mbio, akalipasua kwa nyundo. Ndani kijani cheusi, kavu, safi. Akalibusu.

"Moja linatosha kujua?"

"Hili linatosha." Akalifunga kwenye mfuko, akanikataza hata kulinusa.

Gari likapiga honi kule barabarani.

"Sasa wazee niwaambie mimi wa pwani au wa bara?"

"Subiri nirudi, mzee!"

Akashuka mteremko, begi likimpigapiga mgongoni, mabega bado yanamtikisika kwa kicheko. Hakugeuka, na hajarudi mpaka leo.