Aliyepewa Jina la Daktari

Polycarpe Mwenze alikuwa mtu wa kuchoshwa na watu tangu asubuhi, na ndiyo kazi aliyolipiwa. Katika shule moja ya sekondari kule Uccle, mjini Brussels, yeye ndiye aliyesimama mlangoni kuwasubiri wachelewaji, watoto wa mabalozi na wa madaktari wa meno, akasikiliza visingizio vyao, tramu imeharibika, mbwa amemeza ufunguo, kisha akawaandikia adhabu. Ungedhani mtu wa namna hiyo akirudi kwake Ganshoren jioni angetaka kukaa kimya na kunyoosha miguu. Wapi. Kwa miaka miwili mizima alijitwika balaa jingine kwa hiari yake mwenyewe, na balaa hilo lilikuwa homa ya manjano.

Habari yenyewe ni hii. Katika miaka ya arobaini, kando ya mto Lualaba huko Kongo, palikuwa na kituo cha utafiti ambako Mbelgiji mmoja, Daktari Polycarpe Verlooven, alikuwa akijaribu chanjo ya homa hiyo. Baba yake Polycarpe wetu, Mwenze Kabeya, aliyeishi kambini pamoja na wafanyakazi wengine, alifanya kazi pale ya kufuga mbu. Mbu hufugwa, naam, na mbu jike hataki majani wala uji, anataka damu. Basi kila asubuhi mzee aliuingiza mkono wake kwenye kizimba cha chandarua, akawaacha wanywe mpaka washibe. Ngozi ya mkono ule ikawa ngumu kama ganda la muhogo. Polycarpe aliukumbuka vizuri, maana ndio uliomshika wake alipokuwa akijifunza kuandika.

Sasa taasisi moja ya Brussels, karibu na kituo cha treni cha Schuman, ilikuwa imetangaza kwamba itaweka bamba la shaba ukutani kuyaadhimisha majaribio yale. Polycarpe alitaka jambo moja tu, jina la baba yake litajwe. Hakutaka fidia, hakutaka kuombwa radhi. Alitaka jina la Mwenze Kabeya lisikike mbele ya watu, ndani ya jengo lile.

Wakamzungusha. Idara ya kwanza ilimtuma kwa ya pili, ya pili ikamwambia arudi kwa ya kwanza, na ya tatu ikamuuliza kama ni mwanafunzi, yeye mwenye mvi kichwani. Hatimaye akafunguliwa majalada, akayasoma Jumamosi baada ya Jumamosi mpaka macho yakamuuma. Humo mbu walikuwa na majina ya Kilatini. Kima walikuwa na namba. Watu waliitwa boyi wa maabara, mwenyeji mmoja, watoto wa kambi. Alilifunga jalada la mwisho kwa kishindo hadi mtunza nyaraka akamkazia macho, na yeye, aliyezoea kuwakazia macho wengine, akatoka bila kuaga.

Lakini kilichomkera kuliko vyote ni jina lake mwenyewe. Kila alikobisha hodi, wakishaona kitambulisho, nyuso zilichanua. Anaitwa kama daktari! Ndiyo, alijibu, yeye ni wajina wa daktari, au majina yake, kama wasemavyo watu wa Katanga. Basi hapo mazungumzo yalikuwa yamekwisha. Kama mfuga mbu alimpa mwanawe jina la daktari, huko mambo si yalikuwa mazuri? Nani humpa mtoto jina la mtu asiyempenda? Polycarpe alibishana, akaeleza habari za mkono na kizimba, wakamsikiliza kwa huruma, kisha wakarudi palepale, kwamba baba yake alimpenda yule bwana. Na kibaya zaidi, naye aliamini hivyohivyo. Kila alipoliwaza, hasira ilimpanda dhidi ya marehemu baba yake, halafu akajionea aibu.

Mtu wa kumweleza alikuwepo, tena chumba cha pili tu. Mama yake, Maman Pétronille, aliletwa kutoka Likasi akawa anaishi nao, akilalamikia baridi na mikate isiyoshibisha. Polycarpe alimuuliza mara nyingi, kwa upole, kwa ukali, kwa hila. Jibu halikubadilika. Hayo ni ya zamani, ayaache, na chai iko wapi. Mama huyu alimchosha kuliko idara zote tatu zikiwekwa pamoja. Mkewe Lucienne naye alikuwa amechoka kwa upande wake. Vita vimeanza Kivu, alimwambia, kanisani watu wanalilia ndugu zao na simu hazipiti, na wewe unakimbizana na mbu waliokufa zamani. Hakukosea, na hilo nalo lilimuudhi.

Kisha akaingia Madame Michelle. Huyu alikuwa binti wa daktari, na ndiye aliyesimamia sherehe. Alikuwa na adabu, lazima niseme, na sauti laini, na nadhani ndiyo sababu alichosha zaidi, maana mtu mwenye adabu humwezi hata kumfokea. Alisikitika sana kwamba bamba limekwisha kuchongwa, "Daktari Polycarpe Verlooven na wasaidizi wake", na shaba haifutiki. Ila angefurahi mno kumpa Polycarpe dakika chache za kuzungumza, kama mwenye jina la baba yake. Polycarpe akakubali papo hapo, kwa kuwa katika dakika hizo angemtaja mzee wake na hakuna ambaye angemzuia.

Hapo ndipo simu zilipoanza. Hotuba ifupishwe kidogo. Ile habari ya mkono na mbu iondolewe, watu watakuwa wanakula. Je, hangeweza kuja na vazi la kwao? Polycarpe alijibu kwamba vazi la kwao ni suti, tena anayo ya kijivu. Na mama yake, bado yu hai? Basi aje bila kukosa, atakuwa mgeni wa heshima. Polycarpe alikata simu, akakaa ameshika tama, hotuba iliyokatwakatwa ikiwa mbele yake.

Alitarajia mama yake akatae. Maman Pétronille aliuliza tu kama mtoto wa Verlooven atakuwepo. Alipoambiwa ndiyo, akaomba kitenge chake kipigwe pasi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya Novemba, mvua ile nyembamba isiyokwisha. Mkurugenzi wa taasisi alisimama kuzungumza, na jamani, alizungumza. Alianzia enzi za wavumbuzi, akapita kwenye meli, akafika kwa wafadhili, akawashukuru mmoja mmoja. Polycarpe alitazama saa ya ukutani ikizila dakika zake. Pazia la bamba likavutwa, watu wakapiga makofi, wahudumu wakaanza kupita na divai. Ndipo Madame Michelle akakumbuka, akampeleka mbele, akawaambia wageni, machozi yakimlenga, kwamba mtu huyu ni kumbukumbu bora kuliko shaba yoyote. Makofi tena. Polycarpe alikwisha kuitoa karatasi yake mfukoni, lakini Madame hakumwachia kipaza sauti. Alimwinamia Maman Pétronille katika kiti chake cha mbele, akamuuliza kwa Kifaransa, polepole kama anayesema na kiziwi, ni nani aliyelichagua jina lile, na je, walimpenda sana baba yake?

"Anasema nini?" Maman Pétronille akamuuliza mwanawe.

Polycarpe akamtafsiria huku ameuma meno. Alikwisha kuona mambo yatakavyokwenda. Mama atasema ndiyo kwa heshima, makofi ya tatu yatapigwa, na sherehe itakuwa imekwisha bila mzee wake.

Mama alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Bon. Umwambie vile nitasema, usikate kintu. Ni bwana yangu njo alichagula ile jina. Mwenze Kabeya."

Polycarpe akatafsiri. Jina alilolihangaikia miaka miwili likatoka kinywani mwake, ndani ya jengo lile, mbele ya watu wale, naye hata hakulisikia, kwa sababu mama yake alikuwa anaendelea.

"Mbele ya huyu, nilizala mutoto ingine. Mwanaume. Alikuwa na myaka ine, anasema mingi. Docteur alikuwa anatafuta batoto ba camp, anabakwarula ku mukono na dawa, kisha banabatia mu nyumba ya mbu, juu aone kama ile dawa inafanya. Docteur hakukuwa muntu mubaya. Alikuwa anabapatia bonbon. Ya kwangu alikufa."

Polycarpe alitafsiri mpaka kwenye peremende, akaishia hapo. Alijua kwamba kabla yake alizaliwa mtoto mwingine. Nyumbani walisema ni homa, basi, na hakuna aliyeuliza homa gani. Mama alimtazama mdomo, akangoja. Hakuendelea mpaka alipoyasikia yale maneno yake ya mwisho yakitoka kwa Kifaransa.

"Alors, wakati huyu alizaliwa, papa yake alimubeba siku ileile, akaenda naye ku docteur. Akasema, docteur, huyu ni majina yako. Kwetu, majina yako ni weye mwenyewe. Kile unamufanya, unajifanya weye. Docteur alicheka, alifurahi, alitupatia couverture mupya ya kujifunika. Na kila mara infirmier anapita na dawa, papa yake anasimama ku mulango. Anasema, huyu hapana, huyu ni majina ya docteur. Batoto bengine, banabakamata. Huyu, hakuna muntu alimugusa."

Aliyatafsiri hayo yote, sentensi kwa sentensi, kwa Kifaransa kilekile safi alichotumia kuwaandikia wachelewaji adhabu. Akiwa mtoto, wenzake wote wa kambini walikuwa na kovu mkononi, yeye peke yake hakuwa nalo, na aliwaonea wivu. Baba hakumpenda daktari. Baba aliogopa, akatumia kitu pekee alichokuwa nacho cha kumkinga mwanawe, na mwana huyo akaishi miaka yote hii akimkasirikia kwa ajili ya kitu hichohicho.

Mhudumu mmoja alisimama na sinia lake, asijue apite au arudi. Mkurugenzi alikohoa, akasogea mbele kama anayetaka kushukuru na kufunga. Madame Michelle akamzuia kwa mkono. Hakubisha, hakumtetea baba yake. Rangi ilikuwa imempotea usoni. Alimgeukia Polycarpe, akamuuliza kwa sauti ndogo, yule mtoto wa kwanza jina lake lilikuwa nani.

Polycarpe hakulijua jina hilo. Aligeuka kumuuliza mama yake, mtu mzima wa miaka arobaini na minane, ndugu yake aliitwaje. Lakini neno la Kifaransa la jina, hilo moja Maman Pétronille alikuwa analielewa.

"Numbi," akasema, karibu mno na kipaza sauti, hata likavuma mpaka mlango wa nyuma.

Ukumbi mzima ukamgeukia Polycarpe, ukingoja atafsiri.